Papa, Mamba na Jembe la Fungu

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nchi.
Iko wapi?
Maji yakijaa, haipo.
Na yakipwa?
Ipo, na wenyewe wapo.
Basi tupe.
Pokeeni, lakini kwa mikono miwili, maana hii haikai mkononi.

Haya, sogeeni moto ungali unawaka. Wewe Mbwana na wewe Makame, acheni kuvutana mkeka, mnamkunja Riziki katikati. Na msiniulize kwa nini nasimama nikisimulia. Hadithi hii sijawahi kuisimulia nimekaa. Kila nikikaa, miguu inanikataa.

Hapo zamani za kale, kabla kaa hajajua kutembea upande, paliondokea fungu la mchanga. Ndiyo, Riziki, kaa alikuwa akitembea mbele kama mimi na wewe, tena kwa madaha. Fungu lenyewe lilikuwa mahali mto unapokutana na bahari. Huku mto, huku bahari, fungu katikati. Maji yakijaa lilizama lote. Yakipwa liliibuka, jeupe na laini kama unga uliochekechwa, na kaa wakatoka kuishi.

Katikati ya fungu ulipita mkondo. Mkondo huo ndio uliokuwa uhai wao. Kaa jike hatagi mayai akaenda zake kama kuku. Huyabeba chini ya tumbo, akasubiri bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Maji yakishajaa na kuanza kurudi baharini, husimama mkondoni akayakung'uta. Maji yakiyachukua, watoto huanguliwa. Maji yakilala, mayai huoza. Lishikeni neno hilo.

Kaa wa fungu walikuwa na sheria zao. Maji yakipwa, kila mmoja huchimba shimo lake upya, kwani maji yamefuta yote, na shimo la jana si la mtu. Mgeni akija, maji mawili anakula na kulala bure. Maji ya tatu anapewa jembe, nalo ni gamba la chaza. Akichimba, si mgeni tena, ni mwenyeji kama waliozaliwa pale. Hakuna aliyewahi kunyimwa jembe lile. Hata membe aliyevunjika bawa alipewa.

Na sheria ya tatu, hiyo ndiyo iliyowachosha watoto. Siku ya bamvua, maji yanapokwenda mbali kabisa, kila mwenyeji husimama mlangoni mwa shimo lake tangu maji yanapoondoka mpaka yanaporudi, jua limpige, wenzake wamwone. Asiyesimama, shimo lake ni la atakayelitaka. Waliiita Siku ya Kusimama Mlangoni.

Walipokuwa wakichimba waliimba hivi, na nyinyi mtanipokea:

Chimba, chimba, maji yamekwenda,
Chimba, chimba, maji yatakuja,
Yakija na yaje, kesho tutachimba.

Jumbe wao aliitwa Gando. Alikuwa na gando kubwa kuliko akili yake. Hakuwa mbaya, alipenda tu kusifiwa. Alikuwa na mpwa wake, Mwatime, binti wa dada yake, naye siku hizo ndio kwanza alikuwa amebeba mayai. Mimba ya kwanza. Alitembea polepole, akilishika tumbo, akihesabu mwezi unavyokua.

Basi siku moja, maji yamejaa pomoni, akaja Papa kutoka kilindini. Mkubwa, ngozi kama msasa, hatulii hata akisimama. Akamwita Gando akamwambia:

“Jumbe, mimi sitaki kitu. Nimesikia Mamba anapatolea macho hapa kwenu. Nikasema hapana, wadogo zangu hawa wataliwa. Nipeni mahali pa kupumzika tu, niwalinde.”

Akaacha vichwa vya samaki, vingi, akaenda.

Maji yakapwa. Akaja Mamba kutoka mtoni, anajiburuza, machozi yanamtoka bila msiba. Akamwita Gando akamwambia:

“Jumbe, mimi sitaki kitu. Nimesikia Papa anapatolea macho hapa kwenu. Nikasema hapana, wadogo zangu hawa wataliwa. Nipeni mahali pa kupumzika tu, niwalinde.”

Akaacha tope la mtoni, zito, lenye majani yaliyooza, ambalo kwa kaa ni halua. Akaenda.

Gando akafurahi kupita kiasi. Akawaambia watu wake kwamba wazee hawakukosea waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone. Asubuhi atakula cha baharini, jioni cha mtoni, na wakubwa wawili wakimlinda yeye mmoja, nani atamgusa? Mwatime akamuuliza, “Mjomba, na wao nani atatulinda nao?” Gando akamwambia mwenye mimba hasumbuliwi na mambo ya baraza, akapumzike.

Maji ya kwanza, wageni wakala na kulala. Maji ya pili, wakala na kulala. Maji ya tatu, kaa wakafanya lile ambalo kaa tu angelifanya. Wakatoa jembe. Wakampa Papa, akachimba. Wakampa Mamba, akachimba. Kila mmoja akawa mwenyeji wa fungu, kwa sheria, mbele ya watu wote.

Lakini walichochimba hakikuwa shimo. Papa alichimba bwawa kwa pua yake, kisha akasukuma matumbawe kwa mkia na kulizungushia ukuta, kwenye mdomo wa mkondo upande wa bahari. Mamba alichimba handaki, kisha akang'oa mikoko na kuisimika tope likiwa bichi, mti kwa mti, upande wa mto. Maji yakajaa. Yakafuta mashimo yote ya kaa kama kawaida. Yalipopwa, ukuta ulikuwa upo na miti ilikuwa ipo. Ilikuwa mara ya kwanza kwenye fungu lile kitu kubaki. Kaa walisimama wakaangalia, na wimbo ukawapotea mdomoni.

Mamba akasema fungu lote ni lake, kwani mchanga huu uliletwa na mto, na mto ni wa babu yake. Papa akasema fungu lote ni lake, kwani maji yake hulifunika kila siku, na anachokifunika mtu ni chake. Kisha kila mmoja akaongeza, akimtazama mwenzake: isitoshe, nilipewa jembe.

Papa akasogeza ukuta. Mamba akasogeza miti. Papa akasogeza tena. Mamba akasogeza tena. Papa akasogeza mara ya tatu, Mamba naye mara ya tatu, na kaa wakabaki na kipande ambacho ukijinyoosha unamgusa jirani jichoni. Wala hawakuachwa wapumue. Maji yakijaa waliulizwa na Papa, mko upande gani? Yakipwa waliulizwa na Mamba, mko upande gani? Hakuna aliyelala. Ndugu wa tumbo moja wakaanza kutazamana vibaya, huyu ananuka chumvi, huyu ananuka tope. Gando peke yake alikuwa mnene. Papa alimjengea shimo la mawe, Mamba akamjengea shimo la miti, akawa anasema mtu mwenye nyumba mbili hakosi pa kulala.

Mnataka methali. Naona Makame ameshaufungua mdomo, ile ya fahali wawili na nyasi. Ufunge. Nyasi hazina miguu. Kaa anayo.

Ikawa siku moja Bi Kizingo, mama mtu mzima aliyezaa mara nyingi, mayai yakamzidi, akashindwa kungoja. Akaenda mkondoni akayakung'uta. Mkondo haukwenda. Ukuta huku, miti huku, maji yamelala katikati kama mchuzi uliosahauliwa. Mayai yake yakabaki pale pale miguuni pake, yakageuka meupe. Bi Kizingo hakulia. Alikaa akayatazama mpaka maji yakapanda yakamfunika, na Mwatime alikuwa kando yake akitazama vilevile. Mwatime aliogopa. Nasema aliogopa, kwani wengine husimulia hapa kwamba alikasirika. Hasira ilikuja baadaye.

Bamvua lilikuwa karibu. Mwatime akashika tumbo lake, akaenda kwa Papa.

Akamwambia mkondo umeziba, na akina mama wana mayai. Papa akasema anawahurumia sana. Mamba aanze kung'oa miti yake, na yeye papo hapo atatoa mawe yake. Mwatime akashukuru, akageuka kwenda. Alipompa mgongo tu, mkia ukacheza, jiwe likaporomoka, na mguu mmoja wa Mwatime ukabaki chini yake. Papa akasema pole, hapa ni pembamba.

Akaenda kwa Mamba. Akamwambia yale yale. Mamba akasema anawahurumia sana. Papa aanze kutoa mawe yake, na yeye papo hapo atang'oa miti yake. Mwatime akashukuru, akageuka kwenda. Alipompa mgongo tu, taya zikafunga, na mguu wa pili ukabaki mle. Mamba akasema pole, nilikuwa napiga mwayo.

Akarudi kwa Papa, safari ya tatu. Safari hii hakuweza kumpa Mamba mgongo, wala hakuweza kumwacha Papa aje bila kuonekana. Akainua macho yake juu, jicho moja la mto, jicho moja la bahari, na mwili ukakosa pa kuelekea. Basi akaenda upande. Kiguu hiki, kiguu kile, kwa ubavu. Watoto wakamcheka. Jibu lilikuwa lile lile, lakini safari hiyo alikwenda akarudi na miguu yote iliyosalia.

Akamwendea mjomba wake. Akamkuta katika shimo la mawe, akingoja jioni ahamie la miti.

“Mjomba, hawa wawili ni wageni au wenyeji?”

“Wenyeji. Si tuliwapa jembe?”

“Wenyeji wa sheria?”

“Wa sheria hasa. Wenyewe hawaishi kuitaja.”

“Basi kesho ni bamvua. Kawaambie wakasimame mlangoni.”

Gando akacheka, halafu akaacha kucheka. Akamwambia mpwa wake kwamba wakubwa hawaogopi sheria. Mwatime akamjibu kwamba anajua. Hawaogopi sheria, wanaogopana. Gando akaenda akawaambia, hakuongeza neno wala hakupunguza: kesho ni Siku ya Kusimama Mlangoni, na asiyekuwapo, pake patachukuliwa na atakayepataka. Papa akawaza, nisipokuwapo atapachukua Mamba. Mamba akawaza, nisipokuwapo atapachukua Papa. Kila mmoja akasema atakuwapo.

Kulipokucha, maji yakaanza kuondoka. Yaliondoka, yakaondoka, yakaondoka, mpaka bahari ikawa mstari tu kule mbali. Kaa wote wakachimba, na jua likapanda. Wengi walibanwa kando ya ukuta wa Papa, hawakuwa na pengine, basi wakachimba pale pale, chini ya mawe. Nani angewakataza? Siku ile ni wajibu kila mwenyeji awe na shimo. Wakaimba kwa mara ya kwanza tangu wageni walipofika. Nipokeeni:

Chimba, chimba, maji yamekwenda,
Chimba, chimba, maji yatakuja,
Yakija na yaje, kesho tutachimba.

Mnajua maji, hayana haya, yakiona tundu yanapita. Bwawa la Papa likaanza kupungua. Likafika mbavuni. Likafika tumboni. Papa akaanza kujipindua huku na huku. Angeweza kuondoka alfajiri, lakini alimwona Mamba amesimama kwenye miti yake, akabaki. Sasa hata akitaka hana njia.

Na Gando? Gando alikuwa na milango miwili na mwili mmoja. Alisimama kwenye mawe, akakumbuka miti. Akakimbilia miti, akakumbuka mawe. Mchana kutwa ni mbio tu, ulimi nje, jumbe mzima, na watu wake wamesimama kimya kila mmoja mlangoni pake wakimtazama akipita.

Mamba akaona Papa anavyohangaika, akatabasamu. Akasema, “Mimi siendi popote. Nikitoka hapa nimepoteza. Nikikaa, anakufa mwenyewe, na kesho fungu lina mwenyewe mmoja.” Kaa wengine wakashangilia, afe, afe. Kuna hata waliosema Mamba alikuwa afadhali tangu mwanzo.

Mwatime akasikia neno lile, mwenyewe mmoja, na hapo ndipo hasira ilipompanda. Papa akifa leo, wao ni kitoweo cha Mamba kesho. Bahari ilishaanza kurudi, imefika nje kwenye mguu wa ukuta, inaugonga. Lakini ukuta ulikuwa mrefu, Papa mwenyewe aliupandisha. Mpaka maji yaje kuuruka, atakuwa ameshakufa. Mwatime akapanda juu ya mawe kwa ubavu, jicho hili kwa Papa, jicho lile kwa Mamba.

“Bwana Papa, maji yako nje. Ukuta wako ndio unaoyazuia.”

“Nikiuvunja, pangu pamekwisha.”

“Usipouvunja, umekwisha wewe. Chagua.”

Papa akamtazama. Aliwahi kuwameza wakubwa kuliko huyu bila kujua kama amemeza kitu. Akasema, “Nitakukumbuka.” Kisha akakusanya nguvu iliyobaki yote akapiga mkia. Jiwe la kwanza likatoka. La pili likatoka. La tatu lilipotoka ukuta wote ukafuata, na bamvua likaingia.

Mwatime alipiga kelele moja tu, watu waingie mashimoni. Kaa wakazama mchangani, wakafunga milango. Maji yakapita juu yao yakiyabeba mawe ya Papa, yakaingia mkondoni, yakaikuta miti ya Mamba. Miti hiyo ilisimikwa kuzuia samaki na kaa, haikusimikwa kuzuia bahari. Uling'oka mti mmoja, ikang'oka minne, ikang'oka yote, ikamzoa Mamba aliyekuwa katikati yake ametabasamu bado. Ikapanda naye mtoni mpaka kwenye maporomoko, miti yake mwenyewe ikimpiga mbavu njia nzima. Papa alipopata maji ya kumtosha, alitokea pengoni akaenda kilindini bila kuaga.

Maji yakajaa, yakasimama kidogo, yakageuka.

Mwatime akatoka, na miguu yake sita, akasimama mkondoni. Hakujua kama mkondo utakwenda. Akayakung'uta mayai yake kidogo, akangoja. Hayakukaa miguuni. Yakanyanyuka, yakajikusanya kama moshi, yakaondoka na maji kuelekea baharini. Basi akayakung'uta yote. Akina mama wengine wakaja wakasimama kando yake, na Bi Kizingo akaja akasimama nao, ingawa tumbo lake lilikuwa tupu. Hapo ndipo Bi Kizingo alipolia.

Maji yalipopwa, fungu lilikuwa safi. Hapakuwa na jiwe, hapakuwa na mti, hapakuwa na shimo. Gando alikuwa amekaa juu ya mchanga, hana mlango hata mmoja. Mshika mawili, moja humponyoka. Yeye yalimponyoka yote mawili. Wakamletea gamba la chaza, wakamwambia aache ujumbe, achimbe. Akachimba.

Kaa vijana wakasema tangu leo jembe lisitolewe kwa mgeni yeyote. Mwatime akakataa. Akasema wakianza kunyima jembe, hata wao watakuwa Papa, tofauti ni udogo tu. Jembe watatoa. Lakini mgeni achimbe shimo la kufutika, kama wao. Akileta jiwe, arudi nalo.

Sasa mtasema basi, wakaishi raha mustarehe. Nani amewaambia? Papa hakufa, na alisema atakumbuka. Mamba hakufa. Simameni ufukweni muda wowote, mtaliona pezi likipita kule nje, polepole, kama halina haja. Na mdomoni mwa mto mtayaona macho mawili, yamelala juu ya maji. Wanangoja. Kwa hiyo Mwatime aliwafundisha watoto wake, walipotoka baharini wakiwa wadogo kama punje za mtama, kuinua macho juu, moja la mto na moja la bahari, na kwenda upande, wasimpe mgongo yeyote kati yao. Ndiyo maana kaa hatulii, na mchangani hukimbia hata asipokimbizwa. Mnamcheka, mnasema hajui kutembea. Anajua sana, anakumbuka miguu miwili ya mama yake.

Funzo lake ni hili, nalisema waziwazi nisije nikalaumiwa: mkubwa akikwambia hataki kitu ila kukulinda na mwenzake, mpe maji, mpe kivuli, ila mgongo usimpe. Na wakubwa wawili wakikugombania, usimwombee mmoja ashinde.

Hadithi yangu naiacha hapa, maji yaifute. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni, nitaichimba upya kesho.

Na nyinyi, Mbwana na Makame, nawaona, mmefika hadi pembe za mkeka, na Riziki amebaki na nafasi ya kalio moja. Mkeka huu nimeusuka mimi. Simameni nyote wawili mlangoni, mpaka nitakapowaita. Riziki, mwanangu, lala ujinyooshe.